Profesa Hupimwa kwa Mfumo Unaotumika

Kila mwezi unapoisha, zahanati na vituo vya afya vya Tanzania hufunga hesabu za vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za takwimu za afya: wajawazito wangapi walihudhuria kliniki, watoto wangapi walichanjwa, wagonjwa wangapi walikutwa na malaria. Jumla hizo huingizwa kwenye DHIS2, mfumo uliokuzwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, na ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa wanaouendeleza. Kenya ilianza kuusambaza nchi nzima mwaka 2011. Uganda na Rwanda nazo zinautumia. Chini kabisa ya mfumo huo, mahali takwimu zinapohifadhiwa, ipo kanzidata iitwayo PostgreSQL. Haiuzwi. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuubadili, na asili yake ni mradi wa utafiti uliozinduliwa katikati ya miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Profesa Michael Stonebraker.

Sisi tunaofundisha usimamizi wa data tunapaswa kumsoma mtu huyu kwa makini, na si nadharia zake peke yake. Maisha yake ya kazi, ambayo sasa yamevuka nusu karne, yanajibu swali linaloulizwa kila mwaka kwenye kamati za vyuo vyetu: mwanasayansi wa kompyuta wa chuo kikuu anafanya kazi gani hasa, na tutajuaje kwamba ameifanya vizuri?

Stonebraker alizaliwa mwaka 1943, akakulia kwenye mji mdogo wa jimbo la New Hampshire, akasomea uhandisi wa umeme Princeton hadi 1965. Zilikuwa zama za vita vya Vietnam, na mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba aliendelea na masomo ya juu kwa sababu njia nyingine zilizokuwa mbele yake hazikupendeza: vita, jela, au kukimbilia Kanada. Akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1971. Tasnifu yake ilikuwa ya hisabati ya modeli za Markov, na alipoajiriwa Berkeley mwaka huohuo alijua kwamba hapakuwa na mustakabali kwenye mada hiyo. Kijana mwenye ajira mpya, asiye na ajenda ya utafiti, na saa ya kuthibitishwa kazini inakwenda: wahadhiri wengi wanaifahamu hali hiyo.

Mwenzake mkubwa, Eugene Wong, akamshauri asome makala ya Edgar Codd. Codd alikuwa Mwingereza, rubani wa zamani wa vita vya pili vya dunia, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya IBM huko San Jose. Mwezi Juni 1970 alichapisha makala iliyopendekeza kwamba data zote zipangwe kwenye majedwali ya kawaida yenye mistari na safu, na kwamba mtumiaji aseme anachotaka bila kueleza namna ya kukipata.

Leo jambo hilo linaonekana dogo. Wakati ule lilikuwa uasi. Mifumo iliyotawala, kama IMS ya IBM, ilipanga data kwa matawi, baba juu na watoto chini, na mwandishi wa programu alilazimika kuijua njia yote ya kushuka hadi kwenye rekodi aliyoitaka. Mpangilio ukibadilika, programu zinavunjika. Charles Bachman, aliyebuni mfumo mwingine wa namna hiyo ambapo rekodi ziliungana kama mtandao, alipewa Tuzo ya Turing, heshima ya juu kabisa ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1973, kwa hiyo hao hawakuwa watu wadogo. Walichomwambia Codd ni kwamba wazo lake ni zuri kwenye karatasi, lakini hakuna kompyuta itakayoweza kuamua njia nzuri kuliko mtaalamu aliyeketi akaipanga kwa akili yake.

Chukua mfano wa kliniki. Tuna jedwali la wajawazito na jedwali la mahudhurio. Mganga mkuu wa wilaya anataka majina ya kina mama waliofika mara moja tu, kisha hawakurudi. Kompyuta ianze na jedwali lipi? Isome lote tangu mwanzo, au ipitie faharasa? Iyaunganishe majedwali kwanza ndipo ichuje, au ichuje kwanza? Kila uamuzi una gharama yake, na tofauti kati ya njia nzuri na njia mbaya inaweza kuwa sekunde moja dhidi ya saa nzima. Codd alidai kwamba uamuzi huo unaweza kukabidhiwa mashine. Hakuonyesha mashine yenyewe.

Makundi mawili yalijitolea kuijenga. Moja lilikuwa la IBM, chini ya mradi wa System R. La pili lilikuwa la Berkeley: Stonebraker, Wong, na wanafunzi wao, kuanzia mwaka 1973. Si Stonebraker wala Wong aliyekuwa amewahi kujenga mfumo mkubwa wa programu. Mradi wakauita INGRES, jina lililotokana na maneno ya Kiingereza kuhusu michoro na utafutaji wa taarifa, kwa sababu sehemu ya fedha za mwanzo ilitafutwa kwa ajili ya data za kijiografia za wachumi wa miji pale chuoni. Waliujenga kwenye mashine ndogo ya PDP-11 iliyotumia Unix, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado mchanga.

Kilichowatofautisha na wenzao wa IBM ni kwamba waliutoa. Aliyetaka INGRES alilipia gharama ndogo akatumiwa utepe wenye msimbo mzima. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 nakala zipatazo elfu moja zilikuwa zimesambaa, nyingi kwenye vyuo vikuu. Kizazi kizima cha wanafunzi kikajifunza kanzidata kwa kufungua moja na kuona ilivyo ndani. Hapo ndipo wengi wetu tunaposoma historia hii kwa haraka mno. Tunataja makala ya mwaka 1976 iliyoeleza usanifu wa INGRES na tunasahau kwamba makala ile ilikuwa na uzito kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kitu ambacho msomaji angeweza kukiwasha akakijaribu mwenyewe.

Kuutoa mfumo kuna gharama yake, na Stonebraker alifundishwa hilo na watumiaji. Yeye husimulia kisa cha Chuo Kikuu cha Arizona State, kilichotaka kutumia INGRES kwa rekodi za wanafunzi wake. Walikuwa tayari kuvumilia kanzidata isiyo na kampuni nyuma yake. Walikuwa tayari kuvumilia hata Unix, ambayo nayo haikuwa na wa kuihudumia. Kilichowakwamisha ni kwamba Unix haikuwa na COBOL, na ofisi yao yote iliandika programu kwa COBOL. Mradi ukafa. Profesa akaelewa kwamba ubora wa wazo hautoshi kuliingiza ofisini, na mwaka 1980 yeye, Wong na Lawrence Rowe wakaanzisha kampuni ya kuiuza na kuihudumia INGRES.

Kwenye soko hawakushinda. Lugha yao ya kuulizia data, QUEL, ambayo wataalamu wengi waliiona safi kuliko SQL ya IBM, ilizikwa pale SQL ilipofanywa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 1986. Kampuni ya Oracle ikawapita. Lakini watu waliolelewa na mradi ule walikwenda mbali: Robert Epstein, aliyekuwa kiongozi wa waandika programu wa INGRES, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Sybase mwaka 1984, na SQL Server ya Microsoft ilianza kutokana na msimbo wa Sybase. Ofisi yoyote iliyowahi kutumia SQL Server inagusa uzao wa mradi ule wa Berkeley.

Sasa nifike kwenye POSTGRES, kwani hapa ndipo kiini kilipo. Mwaka 1986 Stonebraker na Rowe walichapisha usanifu wa mfumo mpya, wa kuja baada ya INGRES, kama jina lenyewe linavyosema. Walikuwa wamegundua kasoro ya kanzidata za majedwali: zilijua namba, maneno na tarehe, basi. Mtu mwenye ramani, mwenye umbo la kiwanja au njia ya mto, hakuwa na pa kuliweka. Jibu lao lilikuwa kumruhusu mtumiaji aifundishe kanzidata aina mpya ya data, pamoja na namna ya kuilinganisha, kuitafuta na kuiwekea faharasa, bila kuubomoa mfumo wenyewe.

Wazo la pili lilihusu kutofuta. Kwenye POSTGRES mstari unapobadilishwa, wa zamani hauandikwi juu. Mpya huandikwa kando na ule wa zamani hubaki. Nia ilikuwa kumwezesha mtumiaji kuuliza data zilikuwaje siku fulani iliyopita. Uwezo huo wa kurudi nyuma uliondolewa baadaye, lakini msingi ulibaki na kuzaa faida kubwa zaidi. Fikiria SACCOS ambayo karani anaingiza marejesho ya mikopo huku mkaguzi anatoa ripoti ya mizania. Kwa kuwa matoleo yote mawili ya mstari yapo, mkaguzi anaona hali ilivyokuwa alipoanza ripoti, karani anaendelea na kazi, na hakuna anayemsubiri mwenzake. Gharama yake anaijua kila mhandisi aliyewahi kuisimamia PostgreSQL: mistari iliyokufa hurundikana na lazima isafishwe, na asiyesimamia usafi huo ataona diski inajaa na maswali yanazidi kuwa mazito.

Si kila dau lilishinda. Stonebraker aliamini kwamba kwa kutofuta chochote, mfumo ungeweza kuinuka baada ya umeme kukatika bila kuhitaji daftari tofauti la kumbukumbu za mabadiliko. Waliomrithi waliliongeza daftari hilo mwaka 2001, na walifanya vyema. Nasema haya kwa sababu heshima anayostahili ni ya mtu aliyejaribu kwenye msimbo, palipoweza kuonekana alipopatia na alipokosea.

Mradi uligharimiwa kwa sehemu kubwa na fedha za umma za Marekani, zikiwemo za Mfuko wa Taifa wa Sayansi na za taasisi za utafiti wa kijeshi. Miaka 8 kwa mfumo mmoja! Mwaka 1993 idadi ya watumiaji wa nje ilikaribia kuongezeka maradufu, na kazi ya kuwahudumia ikaanza kuula muda wa utafiti. Kwa hiyo Berkeley ikatoa toleo la 4.2 na kuufunga mradi mwaka 1994. Stonebraker alikuwa tayari na kampuni yake, Illustra, aliyoianzisha mwaka 1992 kuuza mawazo hayohayo, na ambayo baadaye ilinunuliwa na kampuni ya Informix.

Kwa hesabu ya kawaida hadithi ingeishia hapo: makala zimechapishwa, wanafunzi wamehitimu, kampuni imeuzwa. Lakini msimbo ulikuwa umetolewa kwa leseni iliyomruhusu yeyote kuuchukua. Wanafunzi wawili wa Berkeley, Andrew Yu na Jolly Chen, wakamng'oa mkalimani wa POSTQUEL, lugha iliyotokana na QUEL, aliyekuwa ndani yake na kuweka wa SQL. Wakapunguza ukubwa wa msimbo kwa robo. Mwaka 1995 wakauweka kwenye intaneti kwa jina la Postgres95. Mwaka 1996 ukapewa jina la PostgreSQL, na kundi la watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, ambao Stonebraker hakuwaajiri wala kuwasimamia, wakaubeba. Wanaubeba hadi leo. Kampuni ya INGRES ilinunuliwa ikauzwa tena, Illustra ilimezwa, Informix nayo ikamezwa. Kilichoachwa bure ndicho kilichodumu.

Tazama matunda. Mwaka 2001 kampuni ndogo ya Kanada, Refractions Research, ilitumia ule uwezo wa kuongeza aina mpya za data ikatengeneza PostGIS, inayoifanya PostgreSQL ijue nukta, mistari na maeneo ya ardhi. Kanzidata kuu ya OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, nayo ni PostgreSQL. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi mitaani, kwenye kata zinazofurika mvua za masika, kuchora mitaro, nyumba na vichochoro na kuviingiza kwenye ramani hiyo. Ombi la wachumi wa miji wa Berkeley la mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwamba wanahitaji mahali pa kuweka data za kijiografia, limekuja kujibiwa Tandale na Msimbazi, jijini Dar es Salaam.

Stonebraker alihamia MIT mwaka 2001. Wakati watu wa umri wake wanafikiria kustaafu, yeye alianza kuubomoa uzao wake mwenyewe. Mwaka 2005, pamoja na Uğur Çetintemel, alichapisha makala akidai kwamba zama za kanzidata moja kufaa kila kazi zimekwisha. Mfano wake mkubwa ni kanzidata ya C-Store ya mwaka huohuo. Kanzidata za kawaida huhifadhi mstari mzima pamoja. Ukitaka jumla ya safu moja tu, tuseme kiasi cha mauzo kwenye mistari milioni mia, diski inasoma pia jina, anwani na simu ya kila mteja bila sababu. C-Store ilihifadhi kila safu peke yake. Inasoma kinachohitajika tu, na kwa kuwa thamani za safu moja hufanana, zinabanwa zikachukua nafasi ndogo. Kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya Vertica, iliyonunuliwa na HP mwaka 2011, na mpangilio huo wa safu leo ni wa kawaida kwenye mifumo ya uchambuzi. Alikuwa na miradi mingine, ya data zinazotiririka, ya miamala ya kasi, ya kusafisha data zilizotapakaa. Mingine ilipata wanunuzi, mingine haikuitikisa dunia. Tuzo ya Turing aliyopewa kwa mwaka 2014 ilikuwa ya kwanza kufikisha dola milioni 1 za Marekani.

Najua pingamizi litakalokuja. Marekani ina wawekezaji wanaoweka mamilioni kwenye wazo la profesa, na profesa anaruhusiwa kugawa wiki yake kati ya darasa na kampuni. Kweli. Sehemu hiyo ya kazi yake hatuwezi kuiiga, na sidhani tunapaswa kujilaumu kwayo. Lakini INGRES ilianza na maprofesa wawili wasio na uzoefu, mashine moja ndogo, wanafunzi wachache wenye bidii, na uamuzi wa kutoa msimbo. Kompyuta mpakato ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu Dodoma au Eldoret ina nguvu kupita kiasi ukiilinganisha na PDP-11.

Na tumewahi kuanza. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa rekodi za wagonjwa uliotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Kutokana na uzoefu wa Eldoret ikazaliwa OpenMRS, ambayo kwa kawaida hutumia kanzidata nyingine, MySQL, lakini imefuata njia ileile ya msimbo huria. KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu yake. Mahitaji yalitoka kwetu na wagonjwa ni wetu, na vijana wetu wameandika sehemu ya msimbo. Swali ni wangapi kati yao wamekuwa maprofesa kwa sababu ya kazi hiyo.

Kwenye vyuo vyetu, kupanda kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi hadi profesa hutegemea zaidi machapisho. Mhadhiri aliyeandika makala tano kuhusu namna ambavyo hospitali zingeweza kupanga data zao anapanda. Mwenzake aliyetumia miaka hiyohiyo kurekebisha mfumo ambao hospitali zinautumia, akajibu simu za makarani wa takwimu, akaandika mwongozo kwa Kiswahili, akawafundisha wanafunzi kusoma msimbo wa watu wengine, anaambiwa alikuwa akifanya huduma, si utafiti. Hukumu hiyo naiona ni kosa kubwa, na tunailipia. Inawafundisha vijana wenye vipaji kwamba mfumo ni kitu cha kuonyesha siku ya kutetea tasnifu, kisha kikae kwenye diski. Maswali magumu ya taaluma hii huzaliwa kwenye matumizi: data zinapokuwa nyingi, mtandao unapokatika, jina la mgonjwa mmoja linapoandikwa kwa namna nne kwenye vituo vinne. Asiyekuwa na watumiaji hawezi kuyaona.

Sisemi machapisho yaachwe. Stonebraker amechapisha kwa wingi, na wanafunzi wake na vijana waliofanya kazi kwenye miradi yake ni watafiti wakubwa: Margo Seltzer, aliyeshiriki kujenga Berkeley DB, Michael Carey, Daniel Abadi, aliyetokea kwenye C-Store. Lakini kwa kila mmoja wao makala na msimbo vilikwenda pamoja.

Kwa hiyo ninawaomba wajumbe wa seneti za vyuo vyetu na kamati za kupandisha vyeo: mwombaji wa usimamizi wa data anapoleta faili lake, muulizeni mfumo wake uko wapi, nani anautumia, na msimbo wake unapatikana kwa nani. Upeni jibu hilo alama, na ziwe alama zinazoweza kumpandisha mtu. Nanyi wakuu wa idara, mradi mzuri wa mwanafunzi wa mwaka huu usiishie kabatini. Uwekeni wazi kwa leseni inayomruhusu mwanafunzi wa mwaka ujao kuendelea pale mwenzake alipofikia.